Kofia ya Mkuu wa Maabara

"Ukipata jibu baya, utapima tena, au utajenga tena?"

Niliulizwa swali hilo siku yangu ya kwanza kazini, saa moja asubuhi, ndani ya kontena la chuma lililogeuzwa kuwa maabara, katika kambi ya ujenzi wa barabara nje kidogo ya Awindiri, mjini Arua. Aliyeuliza alikuwa Mkuu wa Maabara, Mchina wa umri wa baba yangu, na aliuliza kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa na shahada ya uhandisi kutoka Kampala, viatu vipya vya ngozi, na maoni kuhusu kila kitu. Chuoni tulifundishwa kwamba kipimo kimoja si kipimo, ukiwa na shaka rudia. Nilifungua mdomo niseme "nitapima tena", nikaona anavyonitazama, nikaufunga.

"Sawa," akasema. "Wewe fikiri. Kwanza osha mchanga."

Niliosha mchanga wiki mbili.

Ninaandika haya kwa wadogo zangu wanaosomea uhandisi, hasa wasichana wa West Nile, ambao huniandikia wakiuliza kazi ya barabara ilikuwaje "enzi zangu". Enzi zangu zilikwisha juzi tu. Nina miaka thelathini na mbili. Wenzangu tuliohitimu pamoja ndio kwanza wanapanda vyeo, na mimi nimekwisha kustaafu, bila karamu ya kuagwa na bila zawadi ya saa ya ukutani. Siku hizi nauza madaftari na rula. Lakini mtu akiacha kazi kwa namna niliyoiacha mimi, huzeeka katika kazi hiyo hata kama uso bado haujakunjamana.

Chuoni tulikuwa na midahalo kuhusu Wachina na Afrika. Upande mmoja ulisema ni marafiki wasiotuhubiria. Upande mwingine ulisema ni mabwana wapya waliokuja na tingatinga badala ya bunduki. Mwaka mmoja nilitetea upande wa kwanza nikashinda, mwaka uliofuata nikatetea wa pili nikashinda tena, na hilo peke yake lilipaswa kunitia wasiwasi. Hakuna hata mmoja wetu ukumbini aliyewahi kusimama juu ya barabara inayojengwa akajiuliza kama chini yake pamekaza.

Kazi ya maabara ndiyo hiyo: kujua kama chini pamekaza. Barabara haisimami kwa lami. Lami ni ngozi tu. Nguvu iko kwenye matabaka ya udongo na changarawe yaliyo chini, na kila tabaka lazima lishindiliwe na rola mpaka libaki na nafasi ndogo sana ya hewa na maji. Sisi tulipima hivi. Unachimba shimo dogo la duara kwenye tabaka lililoshindiliwa, kina chake kama shubiri moja. Udongo wote unaotoka unaukusanya kwa kijiko na brashi, hata vumbi, unaupima uzito. Kisha unamimina ndani ya shimo mchanga mkavu uliooshwa na kuchekechwa, ambao uzito wake kwa kila lita unaujua. Mchanga ulioingia unakwambia ukubwa wa shimo. Udongo unaukausha kwenye tanuri ujue ulikuwa na maji kiasi gani. Mwisho unalinganisha na ugumu mkubwa kabisa ambao udongo huohuo uliufikia maabara ulipopigwa kwa nyundo. Sisi tulitakiwa kufika tisini na tano kwa mia. Tisini na nne ilikuwa imeanguka.

Uchimbe wapi? Hapo ndipo Mkuu alipokuwa na namna yake. Nyuma ya mlango wa maabara palikuwa na msumari, na kwenye msumari kofia ngumu ya manjano, ya zamani, yenye ufa upande mmoja. Hakuivaa. Aliichukua kila tulipokwenda kupima. Akifika barabarani aliipa barabara mgongo, akairusha kofia juu ya bega bila kugeuka. Ilianguka, ikabingirika, ikasimama. Iliposimama ndipo tulipochimba.

"Kwa nini, Mkuu?" nilimwuliza siku ya kwanza aliponichukua kupima.

"Mimi iko na macho," akasema. "Macho yanajua pahali pazuri. Kofia haina macho."

Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwenye kambi za nchi tatu, na kilifanana sana na cha kwetu, cha askari na wachuuzi, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na wahadhiri wangu. Madereva walimwita Mzee Kofia. Androga, dereva wa rola, mtu wa Adumi aliyepaka mafuta nywele zake kila siku kana kwamba rola lina abiria, alikuwa akisimamisha mtambo wake kutazama.

"Mzee, leo kofia iko na hasira ao iko sawa?" alimwuliza.

"Kama wewe ulilala juu ya rola, iko na hasira."

"Mimi silali. Rola ndiyo inalala."

Barabara hiyo, kituo changu cha kwanza, ilikuwa ya kwenda Adumi. Mwezi wa tatu kofia ilisimama mahali ambapo tulipata themanini na tisa. Mkuu hakupima tena. Alikwenda kwa msimamizi, Mchina mwenzake, wakazungumza kwa lugha yao kwa sauti iliyozidi kupanda, na saa nne grederi likaanza kuchimbua kazi ya siku mbili nzima. Wafanyakazi waliguna. Mhandisi Mkazi alifurahi sana.

Huyo Mhandisi Mkazi ni mtu muhimu kumwelewa. Serikali haikai barabarani kumwangalia mkandarasi. Inaajiri kampuni ya washauri, na washauri wanamweka mtu wao palepale, ndiye Mhandisi Mkazi. Asiposaini yeye, tabaka halijakubaliwa, hata kama limekaza kama chuma. Wetu alikuwa Mganda mwenzangu, msafi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Siku ile ya grederi aliniambia, "Unaona, binti? Ukiwasimamia hawa watu, wanafanya kazi. Ukiwaacha, wanatula."

Nilitikisa kichwa kukubali. Baadaye nilijiuliza nani hasa alikuwa amemsimamia Mkuu asubuhi ile, maana Mhandisi Mkazi alifika saa tano.

Nilimwuliza Mkuu mwenyewe, maana mimi huwa siwezi kukaa na swali. "Mkuu, unajali nini? Barabara si yako. Utaondoka."

Alikuwa akipepeta mchanga. "Ni yako?"

"Ni yetu."

"Nyinyi nani amekuja kuangalia?"

Nikafikiri. Walikuwa wamekuja wanasiasa mara mbili, wakapigwa picha wameshika koleo jipya. Alikuja padri kubariki. Walikuja watoto kupiga kelele "China, China", wakafukuzwa na mlinzi. Kuja kuangalia, hakuja mtu. Sikumpa ushindi huo. Nilimwambia kwamba kambi yao ina uzio ndani ya uzio, kwamba wao wanakula kabichi walizolima wenyewe upande wao na sisi posho, yaani ugali, na maharage upande wetu, na kwamba mtu anayekula kwa kujificha ana jambo. Akacheka. Kesho yake aliniletea kabichi nzima, akaiweka juu ya mizani. "Kilo mbili kasoro," akasema. "Hakuna jambo ndani."

Kisha nikahamishiwa Koboko, pamoja na Mkuu na Androga; Mhandisi Mkazi alikuwa yuleyule.

Barabara ya pili ilikuwa ya kutoka mjini Koboko kuingia Dranya. Kwangu hilo lilikuwa kurudi nyumbani. Baba yangu ni mtoto wa askari, Mwislamu wa mjini Koboko, ambaye ukoo wake ulikuja na majeshi kutoka Sudan zamani. Mama alikuwa binti wa wakulima wa Dranya, na kaka yake, Mjomba Yasini, bado alikuwa akilima palepale, juu ya kijito kinachokata njia ya kwenda sokoni na zahanati. Mvua zikishika, kijito kile huwafungia watu wa ng'ambo siku tatu, siku nne.

Changarawe nzuri ilikuwa kwenye mlima mdogo wa Mjomba, chini ya shamba lake la simsim. Kampuni ilikuwa imekwisha kukataliwa na koo mbili za jirani. Meneja wa Mradi aliniita ofisini. Alikuwa Mchina kijana kuliko Mkuu, mwenye simu mbili, na hakuinua macho kutoka kwenye simu zake. Ofisa Utumishi, mtu wa hapahapa kwetu, alisimama nyuma yake akitabasamu. Yeye ndiye aliyemweleza Meneja jambo ambalo Mchina asingelijua: kwamba kwetu mtoto wa dada hakataliwi. Mpwa akiingia uani kwa mjomba wake akatamani kuku, humkamata. Mjomba hununa moyoni na kucheka usoni. Watu wengi hawaitumii haki hiyo ila kwa utani. Mimi sikuwa nimewahi kuomba hata yai.

Walinituma kwa Mjomba kuomba changarawe, wakanipa gari na mlinzi na mfuko wa sukari. Mfuko niliuacha garini.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mrefu, anayeongea akitazama chini kama anayetafuta kitu kilichomdondoka.

"Mtoto ya dada yangu," akasema. "Unaomba wewe, ao inaomba kampuni?"

Nilijua jibu la kweli, na nilijua kwamba kwa jibu la kweli angekataa. Nilijiambia kwamba barabara ni ya watu wa Dranya, kwamba yeye mwenyewe atapita juu yake, kwamba mtu mmoja hawezi kuzuia maendeleo ya wengi kwa ajili ya simsim. Yote niliyoyasema mdahaloni.

"Ninaomba mimi," nikasema.

Akainua uso. "Basi chukua. Wewe mimi siwezi kukuuzia." Kisha akaonyesha kidole chini, kijitoni. "Lakini pale kwenye maji pajengwe vizuri. Wake za watu wamezalia pale wakingoja maji ipungue. Pale tu. Kwingine hata ikiwa mbaya, mutu atatembea."

"Pale nitapima mwenyewe," nikamwambia.

Hiyo ndiyo ahadi niliyoitoa. Haikuwa na shahidi ila mlinzi wa kampuni, na yeye alikuwa akichezea redio.

Kwenye kijito iliwekwa kalavati, yaani mfereji mkubwa wa zege unaopitisha maji chini ya barabara. Kalavati lenyewe lilikuwa zuri. Shida ya kalavati ni mabega yake. Kila upande unajaza tuta la udongo ili barabara ipande juu yake, na kama tuta halikukaza, maji huingia pembeni na kulila taratibu mpaka kalavati linabaki limesimama peke yake kama jino.

Tuta la upande wa Mjomba lilijazwa mvua ikiwa imeanza. Changarawe yake ilifika imelowa. Udongo wenye maji mengi haushindiliki, hata ukileta rola kumi. Unabonyea na kurudi kama unga uliokandwa. Dawa yake ni kuutoa, kuuanika, kuurudisha. Inachukua siku.

Mkuu alinipa kofia. "Rusha wewe. Hapa ni kwenu."

Nikalipa tuta mgongo, nikarusha. Themanini na sita. Nikarusha mara ya pili, themanini na nane. Mara ya tatu sikuwa na haja ya tanuri, vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kujua. Mkuu alichukua fomu, akaandika juu yake kwa herufi kubwa neno moja la Kiswahili: ONDOA.

Saa nane walifika Meneja na Mhandisi Mkazi katika gari moja. Nilikuwa nimechutama kando ya shimo langu la tatu, na walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mtambo.

"Mgeni rasmi amethibitisha," Mhandisi Mkazi alisema. "Anakuja kufungua. Nani atamwambia kwamba udongo una maji?"

"Wewe mwenye nchi," Meneja akasema bila kuacha simu. "Ukisema sawa, sisi sawa. Ukisema ondoa, tunaondoa."

"Mimi siwezi kusema. Mimi ninapokea karatasi. Mkiniletea karatasi nzuri, ninasaini karatasi nzuri."

"Basi karatasi."

Ndivyo ilivyokwisha. Nimesoma makala nyingi kuhusu jinsi Waafrika na Wachina wanavyoamua mambo, nani ana nguvu, nani anaburutwa. Sijaona makala inayosema inavyokuwa kweli: watu wawili wenye heshima wanasukumiana neno moja dogo, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye alitamke.

Asubuhi iliyofuata nilikuta nukta tatu za rangi nyekundu juu ya tuta. Androga alikuwa akienda mbele na nyuma juu ya hizo nukta.

"Androga, ni nini hii?"

Hakuniangalia. "Nimeambiwa kwenye rangi nipite mpaka rola ichoke. Kwingine mara mbili tu."

"Na umekubali?"

"Wewe ulikubali kwenda kuomba kwa mjomba yako, mimi nikatae kwa nani?"

Walikuwa wameweka pale kwenye nukta changarawe kavu, ndoo chache tu, na chini yake yote ilikuwa bado unga. Fundi mwingine, aliyeletwa kutoka Arua, alichimba kwenye nukta. Tisini na sita, tisini na saba, tisini na sita. Lakini jina lililoandikwa kwenye fomu kwa mashine lilikuwa langu, kwa sababu tuta la Dranya lilikuwa limeandikwa kwamba ni langu.

Fomu ilikuwa na saini tatu, kutoka chini kwenda juu: fundi, Mkuu wa Maabara, Mhandisi Mkazi. Kwa kawaida fundi husaini kwanza. Siku ile Mkuu alikuwa amejifungia ndani ya kontena tangu asubuhi, na aliponiita, fomu ilikuwa mezani na yeye amekwisha kuandika pake. Mara zote saini yake ilikuwa alama mbili zinazokimbia. Hiyo ilikuwa alama nne, zimeandikwa pole pole, moja moja, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikadhani aibu ndiyo iliyomfanya aandike hivyo, na nikafurahi.

"Mkuu, umesaini," nikasema.

"Mimi nimeandika yangu. Wewe andika yako."

"Na ile ONDOA?"

"Ile Meneja amechukua."

Nilimtazama. Miaka miwili nilikuwa nikimtazama mtu huyu akirusha kofia. Nilikuwa nimebishana naye, nimemshuku, na polepole, bila kukiri, nilikuwa nimeanza kuamini kwamba yupo angalau mmoja. Sasa niliona kwamba hayupo. Nikajiambia: kama huyu amepinda, mimi ni nani? Nikaandika jina langu, lote, kwa mwandiko mzuri. Ningeweza kuandika jambo jingine. Ningeweza kutoandika chochote. Watu huniuliza kama niliogopa kupoteza kazi, na ningependa iwe hivyo, maana woga unasameheka. Nilisaini kwa hasira. Nilitaka tuwe sawa.

Mkuu alichana nakala ya njano, ambayo ni ya fundi, akanipa. "Hii weka. Usipoteze."

Mgeni rasmi alikuja akakata utepe. Alisema urafiki wetu na Wachina ni imara kama barabara hii. Alinisimamisha mbele ya watu, binti wa hapahapa Koboko aliyepima barabara ya kwao. Mjomba Yasini alikuwa safu ya pili, amevaa kanzu yake ya Idi, na alipiga makofi mpaka watu wakamgeukia. Shamba lake la simsim lilikuwa limebaki shimo. Waliahidi kurudisha udongo wa juu, na hawakurudisha.

Barabara ikifunguliwa, mkandarasi hukaa mwaka mmoja zaidi kurekebisha kasoro. Meneja alikwenda nchi nyingine. Mhandisi Mkazi alipewa barabara kubwa zaidi. Mkuu alibaki na watu wachache kambini Koboko, nami nikabaki naye, tukipima bila kuongea zaidi ya namba.

Mvua zilizofuata zilianza kulila tuta kutoka chini. Juu lami ilikuwa nzima, nyeusi, nzuri. Mjomba alikuwa akirudi sokoni kwa pikipiki na magunia mawili nyuma. Lami ilimeguka chini yake kama ukoko wa posho. Walimtoa kijitoni mfupa wa paja umevunjika mara mbili. Siku hizi anatembea kwa gongo, kwa ubavu, akitazama chini, na sasa kweli anatafuta mahali pa kukanyaga.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Aliniuliza jambo moja tu.

"Pale ulipima wewe?"

Nikasema, "Ndiyo." Haikuwa kweli yote, na sehemu iliyobaki ilikuwa mbaya zaidi.

Wiki hiyo mwenyekiti wa Dranya aliitisha mkutano katika ukumbi wa kaunti ndogo. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti aliuliza nani aliyelikubali tuta lile. Wengi walijua nilikofanya kazi. Nikasimama na nakala ya njano mkononi.

"Hii hapa," nikasema. "Jina langu lipo, silikatai. Lakini tazameni juu yake. Mkuu wa Maabara alisaini kabla yangu. Yeye alijua kwamba udongo una maji. Mwenyewe aliandika uondolewe, kesho yake akasaini kwamba ni mzuri. Ni Mchina. Alisaini, kisha akanipa mimi nisaini chini yake."

Kila neno nililosema lilikuwa na ushahidi. Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa familia ya jeshi, aliyekuwa na medali, alisema, "Nilijua. Hawa watu iko kuja kutumaliza." Mama mmoja akasema, "Na sisi tunawapikia." Hakuna aliyeniuliza saini ya tatu ilikuwa ya nani. Mimi, ninayeuliza kila kitu, sikuwakumbusha. Saini ya tatu ilikuwa ya mtu wetu, mwenye kalamu tatu, na hasira ya watu ilikuwa imekwisha kupata njia iliyo rahisi zaidi.

Walikwenda kambini. Niliwafuata. Walikuwa na mawe, na wengine majembe. Polisi walikuwa wamekwisha kufika kumchukua Mkuu, naye alitoka langoni katikati ya askari wawili, begi moja mkononi na ile kofia yenye ufa kichwani, mara ya kwanza nilimwona ameivaa. Jiwe moja liliigonga. Aliponiona alisimama, na askari wakasimama naye.

"Rehema. Karatasi iko?"

"Iko," nikamwambia, na nikaiinua watu waione.

"Sawa," akasema. "Wape wasome."

Nilidhani ni dharau. Nilidhani anasema: someni, mtanifanya nini? Akaingia garini, wakampeleka Arua, na Uganda hakuonekana tena. Jioni hiyo niliandika barua ya kuacha kazi. Nilipita maabara kuchukua viatu vyangu, nikauona ule msumari mtupu nyuma ya mlango, nikahisi nimeshinda.

Basi huko ndiko kustaafu kwangu. Hakuna aliyeniajiri tena. Wakandarasi wanasema mimi ni mchochezi, washauri wanasema nilisaini uongo, na wote wana haki. Watu wa Dranya hunisalimu vizuri. Wameweka magogo na mawe kwenye tuta, na mvua zikishika hungoja siku tatu, kama zamani, ila sasa hungojea juu ya lami.

Mnaniuliza nini cha kujifunza. Sijui. Ninasikia bado midahalo ileile, kwamba Wachina wanatujenga, kwamba Wachina wanatula, na siku hizi siwezi kushinda upande wowote. Najua tu kwamba tuta moja liliharibiwa na watu wa pande mbili kwa kusaidiana vizuri sana, na mimi ndiye niliyekwenda kuomba changarawe yake. Lile swali la siku ya kwanza nina jibu lake, mtoto yeyote anajua jibu lake. Unajenga tena. Ugumu haukuwa kujua.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi nilitaka kumtaja Mkuu kwa jina lake lote, lililoandikwa sawasawa, ili lawama iwe na mwenyewe. Sisi tulimwita Mkuu, wengine Mzee Kofia, na kwenye fomu palikuwa na zile alama tu. Nikaichukua nakala ya njano, nikaipeleka kwa Hajati Mastura, mwenye duka la mota za maji hapa Arua, ambaye alikaa Guangzhou miaka mingi akinunua bidhaa na husoma maandishi yao kama sisi tunavyosoma gazeti.

"Hajati, nisomee jina la huyu mtu."

Alivaa miwani. Akaisogeza karatasi mlangoni penye mwanga.

"Hapa hakuna jina ya mutu," akasema.

"Ni saini yake, Hajati. Pale juu yangu. Alama nne."

"Naona. Si jina." Akaweka kidole kwenye alama, moja baada ya nyingine, akarudia tena tangu mwanzo kuhakikisha. "Ameandika: kofia haikurushwa. Kofia gani?"